Jina la Imogen na Kijiti Kilichopotea

Majina mengi ya wanawake huzaliwa vinywani mwa watu. Bibi humwita mjukuu kwa jina la mamaye, jirani akalisikia, likaenea mtaani, hata asili yake ikasahauliwa. Jina ninalokusudia kulieleza hapa halikuzaliwa hivyo. Jina hilo ni Imogen, latamkwa Imojeni, nalo ni la kike la Kiingereza. Yaelekea lilizaliwa mwaka 1623, katika nyumba ya kupigia vitabu chapa mjini London, kwa kosa la mtu aliyeshindwa kusoma mwandiko wa mwenziwe. Sababu iliyonifanya mimi, mwalimu wa Kiswahili, kulifuatia jina la watu wa mbali nitaitaja kabla sijaweka kalamu chini.

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe. Karibu na mwaka 1610 William Shakespeare alitunga mchezo uitwao Cymbeline. Cymbeline alikuwa mfalme wa Wabritania wa kale, siku ambazo Roma ilikuwa ikidai kodi kwao. Binti yake aliolewa kwa siri na kijana aitwaye Posthumus Leonatus, mwema asiye na mali, na mfalme kwa ghadhabu akamfukuza mkwewe nchini. Kule Italia mtu mwovu, jina lake Iachimo, akaweka dau na Posthumus kuwa aweza kumpotosha mke wake. Akaja, akashindwa. Akajificha sandukuni chumbani mwa binti, akatoka usiku, akamvua bangili mkononi naye yu usingizini. Kwa ushahidi wa bangili ile mume aliamini uongo, akaandika barua kuamuru mkewe auawe. Binti aliisoma barua hiyo kwa macho yake mwenyewe. Hakuuawa, alivaa nguo za kiume, akajiita Fidele, akazunguka mwituni hata kweli ikadhihiri. Huyu ndiye tunayemwita Imogen.

Shakespeare alikufa mwaka 1616, na mchezo huu ulikuwa haujapigwa chapa. Mwaka 1623 wenzake wawili wa jukwaani, John Heminges na Henry Condell, waliikusanya michezo yake 36 katika kitabu kimoja kikubwa, na Cymbeline ndio wa mwisho katika kitabu hicho. Humo binti wa mfalme ameandikwa Imogen mwanzo hata mwisho. Kwa zaidi ya miaka mia tatu wasomaji walilipokea jina hilo kama alivyolipokea mtoto jina la babu yake.

Lakini mashahidi wapo. Wa kwanza ni Simon Forman, tabibu na mnajimu wa London, aliyekuwa na desturi ya kuandika kwa ufupi michezo aliyoitazama. Aliuona Cymbeline kabla ya kifo chake mwaka 1611, na katika daftari yake, ambayo ingali imehifadhiwa Oxford, amemwita binti huyo Innogen. Forman hakuwa na kitabu mbele yake, maana kitabu hakikuwapo. Aliandika alichokisikia kwa waigizaji.

Shahidi wa pili ni Raphael Holinshed, mwandishi wa tarikh ambaye Shakespeare alichota kwake mara nyingi. Katika tarikh yake yumo Innogen, mke wa Brutus, yule ambaye hadithi za kale zilimfanya mwanzilishi wa ufalme wa Britania. Hadithi yenyewe yatoka mbali zaidi, kwa Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 12. Wako wanaolihusisha jina hili na neno la Kigaeli inghean, yaani binti. Ikiwa ndivyo, maana yake ni Binti tu, nasi watu wa pwani hatuna haki ya kustaajabu, kwa kuwa majina yetu mengi ya kike huanza kwa Mwana na wala hatuulizi ni mwana wa nani.

Shahidi wa tatu ndiye anipendezaye kuliko wote. Mwaka 1600 mchezo mwingine wa Shakespeare, Much Ado About Nothing, ulipigwa chapa, na katika maelekezo yake ya kwanza huingia Leonato, liwali wa Messina, pamoja na mkewe Innogen. Mke huyo hasemi neno hata moja katika mchezo mzima. Bila shaka mtunzi alimwaza kisha akamwacha, na jina likasalia karatasini kama kiatu mlangoni pa mtu aliyehama. Sasa tazama: mume ni Leonato, mke ni Innogen. Miaka kumi baadaye, katika Cymbeline, mume ni Leonatus, na mke je? Mtunzi alikuwa na majina mawili yaliyokwisha kuoana kichwani mwake.

Kosa lingeweza kutukia vipi? Katika mwandiko wa zama zile herufi n ilikuwa vijiti viwili vilivyosimama, na m ilikuwa vijiti vitatu. Innogen huanza kwa I, kisha n mbili, yaani vijiti vinne vilivyofuatana bila nafasi. Jicho lililochoka likihesabu vitatu badala ya vinne, Innogen amekwisha kuwa Imogen. Waliopata kuzisoma hati zetu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawahitaji maelezo marefu hapa. Nukta moja ikikaa juu badala ya chini, be imekuwa nuni, na utenzi umepata neno ambalo mtunzi hakulitia.

Wapo wasiokubali. Husema kwamba mpigaji chapa aweza kukosea mara moja au mbili, lakini hakosei jina lile lile katika mchezo mzima. Hoja hiyo ina nguvu, ila yajibika: huenda kosa halikuwa la mpigaji chapa, bali la mwandishi aliyenakili mchezo kabla yake. Wengine humtaja Ralph Crane, ambaye nakala zake za michezo zajulikana. Mwenye kunakili akikosea jina siku ya kwanza, hulirudia kosa lake kwa uaminifu mkubwa. Wengine husema kuwa jina lenye sauti hiyo lilikuwapo Ujerumani tangu kale, nao humtaja Imagina, mke wa mfalme Adolf wa Nassau aliyetawala mwaka 1292 hata 1298. Ni kweli malkia huyo alikuwapo. Lakini njia ya kutoka kwake hata meza ya Shakespeare hakuna aliyenionyesha. Mimi nasimama na vijiti vinne.

Likiwa kosa au lisiwe, jina lilitoka kitabuni likaenda zake. William Godwin alilitia katika kisa chake cha mwaka 1784. Matthew Lewis, katika riwaya yake The Monk ya mwaka 1796, alitia wimbo wa kutisha juu ya Imogine aliyevunja ahadi. Mwaka 1816 Charles Maturin alimpa mwanamke mkuu wa mchezo wake Bertram jina lilo hilo, na kutoka kwake jina likavuka bahari kwenda Milano, ambako mwaka 1827 Bellini alimwimbisha Imogene katika opera yake Il pirata. Hivyo kosa la London likaimbwa Kitaliano.

Katika karne ya 19 Waingereza walimpenda mno binti wa Cymbeline. Wengi walimwona ndiye mke mwema kuliko wake wote wa michezo. Swinburne alikifunga kitabu chake cha mwaka 1880 juu ya Shakespeare kwa kumsifu. Tennyson, mshairi wa malkia, alipofariki mwaka 1892 alizikwa pamoja na nakala ya Cymbeline. Mwaka 1896 Ellen Terry alimwigiza Imogen London, naye ni mwigizaji aliyekuwa akipendwa na mji mzima. Hata hivyo wazazi waliothubutu kumpa binti yao jina hili walikuwa wachache, na aghalabu walikuwa watu wa vitabu. Mpiga picha wa Marekani Imogen Cunningham alizaliwa mwaka 1883. Imogen Holst, binti wa mtunzi wa muziki Gustav Holst, alizaliwa mwaka 1907, naye mwenyewe akawa mwanamuziki. Huko Marekani jina liliongezwa e mwishoni likawa Imogene, kama lile la mchekeshaji Imogene Coca aliyezaliwa mwaka 1908. Kwa umbo hilo lilipata kupendwa kwa kitambo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kisha likapoa, likawa jina la mabibi. Uingereza ndiko lilikoinuka tena, hata mwanzoni mwa karne hii ya 21 likaingia katika majina 100 yanayopewa zaidi watoto wa kike. Jina lililokuwa adimu kwa miaka mia tatu sasa laitwa viwanjani mwa skuli, na waitwao hawakuuona mchezo.

Kumbe wakati huo huo wataalamu walikuwa wakilifuta. Toleo la Arden la mwaka 1955 lilibaki na Imogen. Lakini mwaka 1986 Stanley Wells na Gary Taylor, katika toleo la Oxford la kazi zote za Shakespeare, walipiga chapa Innogen. Toleo la Cambridge la mwaka 2005 likafuata, na toleo jipya la Arden la mwaka 2017 nalo likafuata. Mwaka 2016 mambo yalichekesha: waigizaji wa Stratford walimwita binti Innogen, na jukwaa la Globe kule London likauigiza mchezo ule ule kwa kuubadili hata anwani, ukaitwa Imogen.

Katika mchezo nawaunga mkono wataalamu. Mtunzi ana haki ya neno lake, na kazi yetu sisi wahariri wa maandishi ya wafu ni kuwarudishia walichoibiwa na wanakili. Lakini haki hiyo haivuki ukurasa. Hakuna mhariri awezaye kwenda kwa mwanamke aitwaye Imogen akamwambia kuwa jina lake ni kosa la chapa. Kwa Shakespeare ni kosa. Kwake ni jina aliloitiwa chakula na mamaye.

Nasema hivi kwa sababu jambo hili limo nyumbani mwetu. Shangazi yangu aliitwa Mwanne. Alipokuwa msichana, karani mmoja alinakili jina lake kutoka daftari moja kwenda jingine, akahesabu vijiti vitatu penye vinne, akaandika Mwame. Shangazi hakujua kusoma, wala hakuelezwa. Alipofikia kudai haki ya marehemu mumewe ndipo alipoambiwa kwamba Mwanne si mtu ajulikanaye na ofisi, na kwamba anayestahili kulipwa ni Mwame. Alihangaika miezi mingi, akaapa mbele ya wakili kuwa yeye ndiye huyo asiye yeye, akalipwa. Tangu siku hiyo alikuwa akilitaja jina hilo kwa kicheko, kama mtu amtajaye mke mwenza.

Alipofariki, binamu yangu alipata mtoto wa kike akataka kumrithisha jina la bibi yake. Alizichukua karatasi za marehemu, akasoma, akamwandikisha mtoto Mwame. Wazee walinijia mimi, mwenye kusomea lugha, niwaambie kama libadilishwe. Niliwaandikia jina sahihi juu ya karatasi, nikawaonyesha vijiti vinne. Kisha nikamwita mtoto, aliyekuwa akicheza uani, kwa jina la Mwanne. Hakugeuka. Mama yake akaita Mwame, akaja mbio.