Ni Simu Gani Iliyo ya Kwanza?

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Sekei, Arusha

Kiongozi wa darasa, tafadhali isogeze redio katikati, ili waliokaa nyuma nao wasikie. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarakimu nyingi.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja hapa Sekei. Nilipofika mlangoni nilisikia mabishano makali. Mama mmoja, auzaye ndizi katika soko la Kilombero, alikuwa ameweka akiba kwa miezi mingi. Alitaka kununua simu janja ya kwanza maishani mwake, apate kuwasiliana na wanunuzi wake na kumwona mjukuu wake aliye mbali. Kijana wa bodaboda akamwambia, "Mama, kama wanunua simu, nunua ile iliyo ya kwanza duniani kwa mauzo. Ni iPhone." Fundi cherehani akadakia, "Si kweli. Ya kwanza ni Samsung. Nimesoma mwenyewe." Darasa likagawanyika pande mbili. Yule mama akanigeukia, akaniuliza, "Mwalimu, nani asema kweli? Fedha hizi si za kuchezea."

Nilimwomba anipe juma moja. Leo ndiyo siku ya kumjibu, na jibu lake litatufaa sote.

1. MASHINDANO YA REDIO

Kwanza turudi nyuma kidogo. Ukishuka kutoka Sekei mpaka barabara ya kwenda Moshi, utamsikia kondakta wa kifodi akiita, "Philips! Philips!" Watu wengi hupanda na kushuka pale kila siku. Je, wewe wajua jina lile limetoka wapi?

Philips ni kampuni ya Uholanzi. Ilianza mwaka 1891 katika mji wa Eindhoven, ikitengeneza taa za umeme. Baadaye ikatengeneza redio, na hapa Arusha ilikuwa na kiwanda chake. Huko Dar es Salaam nako, kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda, na redio zake ziliitwa National. Basi kulikuwa na majina mawili makubwa yaliyoshindana katika maduka yetu, na kila jina lilikuwa na mashabiki wake.

Lakini redio zile zilifanya kazi gani? Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza masomo ya redio kama ninyi leo, kisha wakachimba vyoo na kusafisha vijiji. Kwa vikundi vile redio nzuri ilikuwa ile inayosikika vizuri, ambayo betri zake hazijaisha. Jina lililoandikwa usoni mwake halikuchimba choo hata kimoja.

2. SIMU YAZALIWA KATIKA USHINDANI

Mwaka ule ule wa 1973, tarehe 3 Aprili, mhandisi mmoja wa Marekani, Martin Cooper, alisimama barabarani katika mji wa New York. Mkononi alikuwa na simu isiyo na waya, yenye uzito wa kilo moja na zaidi. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Motorola. Je, alimpigia nani? Hakumpigia mkewe wala rafiki yake. Alimpigia Joel Engel, mhandisi wa Bell Labs, yaani mshindani wake, kumwarifu kwamba anasema naye kwa simu ya mkononi. Kwa hiyo mwaweza kuona kwamba simu hii ilizaliwa katika ushindani.

Ilichukua miaka kumi kabla simu ya namna hiyo haijauzwa madukani. Mwaka 1983 Motorola ilianza kuiuza kwa dola 3,995. Ilikuwa simu ya matajiri, nao walikuwa wachache.

Kisha kampuni ya Nokia ya Ufini ikaja mbele. Nokia ilianza mwaka 1865 kama kiwanda cha kusaga miti ili kupata karatasi. Baadaye ilitengeneza hata viatu vya mpira na nyaya. Mwaka 1998 iliishinda Motorola, ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza simu za mkononi. Mwaka 2003 ilitoa simu ndogo iitwayo Nokia 1100. Simu ile haikupiga picha, lakini ilikuwa na tochi, ilivumilia vumbi, na betri yake ilikaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Mpaka leo simu ndogo ya namna ile twaiita "kitochi". Aliye na miaka kama yangu, yaani thelathini na kitu, hapana shaka amewahi kumulikiwa njia kwa tochi ile usiku, umeme ulipokatika.

Wakubwa wa Nokia hawakudhani kwamba watashindwa. Lakini wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza iPhone, simu yenye kioo kipana kinachoguswa kwa kidole. Mwaka 2008 zikaanza kuuzwa simu zenye programu ya Android, iliyotolewa na kampuni ya Google. Kampuni nyingi ziliruhusiwa kuitumia Android, na Samsung ya Korea Kusini ikawa moja yao. Nokia ilichelewa kugeuka. Mwaka 2012 Samsung iliipita, baada ya Nokia kukaa mbele kwa miaka 14. Mwaka 2014 kazi ya simu ya Nokia ikawa imeuzwa kwa kampuni nyingine, Microsoft.

Na hao Samsung walianzaje? Mwaka 1938 walikuwa wafanyabiashara wa samaki wakavu na vyakula vingine. Walipoanza kutengeneza simu, nyingi zilikuwa mbovu. Mwaka 1995 mwenyekiti wao, Lee Kun-hee, aliamuru simu na vyombo vingine vipatavyo 150,000 vikusanywe mbele ya wafanyakazi katika kiwanda cha Gumi, vipondwe na kuchomwa moto. Alitaka waone kwa macho yao hasara ya kazi mbaya.

Samsung ilikaa mbele katika hesabu za simu janja kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2023, kwa hesabu ya kampuni iitwayo IDC, Apple ilipeleka sokoni simu zaidi ya milioni 234, na Samsung zaidi ya milioni 226. Apple ikawa ya kwanza. Andikeni tarakimu hizo mbili, kisha mtoe ndogo kutoka kubwa. Mtapata nane. Tofauti yao ilikuwa kama simu milioni nane.

3. NANI AHESABUYE, NA AHESABU NINI?

Sasa turudi kwa kijana wa bodaboda na fundi cherehani. Nani alisema kweli? Huenda mtashangaa. Kwa mwaka 2024, wote wawili walisema kweli!

IDC ilihesabu mwaka ule, ikasema Apple ni ya kwanza na Samsung ni ya pili. Kampuni nyingine ya kuhesabu, iitwayo Counterpoint, ilisema Samsung ni ya kwanza na Apple ni ya pili. Mwaka ni ule ule, na dunia ni ile ile. Yawezekanaje?

Tuchukue mfano wa ndizi. Mtu mmoja akae njiani, ahesabu mikungu inayoshuka kutoka mashamba ya Meru kwenda sokoni. Mwingine akae sokoni Kilombero, ahesabu mikungu iliyonunuliwa. Jioni tarakimu zao hazitalingana, kwa sababu mikungu mingine imebaki mezani haijauzwa. Wala hakuna aliyesema uongo. IDC ilihesabu simu zilizotoka viwandani kwenda kwa wauzaji. Counterpoint ilihesabu simu zilizouzwa kwa watu. Washindani wanapokaribiana sana, tofauti ndogo kama hiyo yatosha kugeuza nafasi ya kwanza kuwa ya pili.

Tena, kuhesabu vitu si sawa na kuhesabu fedha. Auzaye kuku 100 ameuza wengi kuliko auzaye ng'ombe 10, lakini ni nani aliyerudi nyumbani na fedha nyingi?

Na mahali nako kuna maana. Hapa Afrika, mwaka 2024, karibu nusu ya simu janja zilizoletwa sokoni hazikuwa iPhone wala Samsung. Zilikuwa za kampuni ya China iitwayo Transsion. Jina hilo pengine hamlijui, lakini watoto wake mwawajua: Tecno, itel na Infinix. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang. Yeye alikuwa amesafiri Afrika akiuza simu za kampuni nyingine, naye aliangalia watu wanaishije. Aliona watu wana laini mbili au tatu, kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Basi simu zake zikawa na nafasi ya laini mbili. Aliona umeme ni wa shida, basi betri zikawa za kudumu. Aliona kamera nyingi hazitoi vizuri sura ya mtu mweusi, basi mafundi wake wakazirekebisha. Huko China kwenyewe watu wengi hawajui majina haya, lakini mwaka 2024 kampuni hii ilikuwa ya nne duniani kwa hesabu ya IDC.

Hapo ndipo mashindano ya makampuni yanapotufaa. Hayatufai kwa sababu fulani ameshinda. Yatufaa pale mshindani anapotafuta mnunuzi aliyesahauliwa na wenzake, akamtengenezea kitu kinachomfaa.

4. HATARI YA KUPENDA JINA

Nitawaambia habari yangu mwenyewe, ingawa ni ya aibu. Mwaka 2015 nilinunua simu janja katika duka moja mjini. Jina lililoandikwa mgongoni lilikuwa la kampuni kubwa, na bei ilikuwa ndogo ajabu. Nilifurahi sana. Niliiweka mezani mbele ya wenzangu ili jina lisomeke. Sikuomba risiti.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, simu bandia zilizimwa nchini mwetu. Asubuhi nilipoamka, simu yangu haikuwa na mtandao. Jina lilikuwa bado linang'aa mgongoni, lakini sikuweza kumpigia hata mama yangu. Kenya walikuwa wamezima simu zao bandia mapema zaidi, mwaka 2012. Basi onyo lilikuwapo, mimi sikulisikia. Nililipia jina, na jina lenyewe halikuwa la kweli.

5. JIBU KWA MAMA WA NDIZI

Sasa mama, jibu lako ni hili. Orodha ya mauzo yakuambia watu wengine walinunua nini, mwaka gani, kwa hesabu ya nani. Haikuambii wewe ununue nini. Kijana wa bodaboda na fundi cherehani wasigombane. Wamesoma vitabu viwili tofauti vya hesabu.

Kabla hujatoa fedha zako, uliza maneno haya:

Kwanza, nataka simu inifanyie kazi gani?

Pili, betri yake itakaa tangu asubuhi sokoni mpaka nirudipo Sekei jioni?

Tatu, ikivunjika kioo, mafundi wa hapa Arusha wana kioo chake, na ni bei gani?

Nne, ni simu halali? Bonyeza *#06#, itatokea namba ndefu yenye tarakimu 15. Ilinganishe na namba iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu, shika fedha zako, nenda zako.

Tano, muuzaji atanipa risiti na hati ya dhamana? Wewe sasa wajua kusoma. Zisome mwenyewe, pale pale dukani, usione haya.

Simu itakayojibu maneno hayo matano ndiyo iliyo ya kwanza kwako, hata ikiwa ya kumi duniani.

Na kesho ukipanda kifodi, ukamsikia kondakta akiita "Philips", kumbuka somo hili. Kiwanda kile hakitengenezi tena redio. Jina lililoshindaniwa na baba zetu leo ni mahali pa kushukia tu. Lakini waliojifunza kwa redio zile kusoma, na kuchemsha maji ya kunywa, elimu yao waliwarithisha watoto wao.

MANENO YA KUJIFUNZA

Chapa: jina au alama ya biashara inayotambulisha bidhaa ya kampuni.
Mshindani: mtu au kampuni inayotafuta kushinda wenzake.
Bandia: kitu cha kuigiza, kisicho cha kweli.
Dhamana: ahadi ya muuzaji kwamba atatengeneza au kubadilisha kitu kikiharibika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nokia ilikaa mbele tangu mwaka 1998 mpaka 2012. Kwa nini iliondoka mbele?
2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe, usiwe wa ndizi, jinsi watu wawili wanavyoweza kuhesabu kitu kimoja wakapata majibu mawili ya kweli.
3. Waulize wazee wa nyumbani kwenu walikuwa na redio gani, na kwa nini waliichagua. Andika jibu lao kwa sentensi tatu, ulilete darasani juma lijalo.

Kiongozi wa darasa, sasa zima redio, mwanze mazungumzo. Kila mtu apewe nafasi ya kusema, na mama wa ndizi aanze. Kwaherini, mpaka juma lijalo.