Ndia Kuu na Asili ya Ukoo Mmoja

Ewe msomaji, ukipata kufika Mombasa na kusimama mbele ya Ngome ya Yesu, geuza uso wako upande wa kaskazini. Utaona njia nyembamba inayopita kati ya nyumba za kale zenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Njia hiyo huitwa Ndia Kuu. Si ndefu, mtu huimaliza kwa mwendo wa dakika chache. Walakini mimi imenichukua miaka mingi kuijua, na katika kuijua nimetambua jambo juu ya jamaa zangu mwenyewe ambalo napenda kukusimulia, kwa kuwa huenda likakufaa na wewe.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Katika Kimvita, ambacho ndicho Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, njia huitwa ndia. Basi Ndia Kuu maana yake ni njia kubwa, ijapokuwa leo gari mbili hupishana hapo kwa shida. Zamani za utawala wa Waingereza iliandikwa katika ramani kuwa ni njia ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno aliyetia nanga mbele ya Mombasa Aprili 1498, kisha akashika safari ya Malindi bila kupatana na watu wa mji. Lakini wenyeji waliendelea kusema Ndia Kuu, na jina hilo ndilo lililobaki. Hapo twajifunza ya kuwa ulimi wa watu nao ni mahali pa kuhifadhia habari.

Pili tuyatazame mawe. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, nayo ikabaki gereza hadi 1958. Sasa ni makumbusho. Ukiendelea mbele utafika karibu na bandari ya kale, ambako majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuwa yakija kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Hapo ipo nyumba iitwayo Leven, kwa jina la manowari ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyepatana na Mazrui, watawala wa Mombasa, mwaka 1824 kuuweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza. Moja katika masharti ya mapatano hayo lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ulinzi huo ulivunjika mwaka 1826, na biashara ikaendelea.

Hizo ndizo habari za vitabuni. Ni habari za manahodha, majemadari na mawali. Lakini je, ni nani waliobeba chokaa na matumbawe ya kujengea nyumba hizo? Ni nani waliochota maji visimani, wakatwanga nafaka, wakapakua majahazi? Majina yao hayamo, nami nilipokuwa kijana sikujiuliza swali hilo hata mara moja.

Nilijiuliza nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Mwalimu wetu wa historia alituagiza kila mmoja aandike nasaba yake vizazi vitano, na kila neno aliandikalo aseme amelipata kwa nani. Nilifurahi sana, kwa maana niliona kazi ni nyepesi. Kwetu ni katika kichochoro kinachotoka Ndia Kuu, na tangu utoto nalikuwa nikisikia ya kwamba bibi aliyemzaa mama wa nyanya yangu, yaani yule ambaye mimi ni kilembwe chake, alikuwa mgeni kutoka Lamu. Nikaandika hivyo. Kisha nikaenda kwa nyanya, aliyezaliwa mwaka 1934, nipate kusema kuwa habari nimezipata kwake.

Nyanya alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Sikumwuliza neno la ukoo. Nilimwomba tu anieleze bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa alimwona kwa macho yake hata alipofariki katika miaka ya 1950. Akaniambia kuwa alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, hodari wa kupika mahamri na mbaazi, ambayo aliyauza mlangoni kila alfajiri. Alipokuwa akikuna nazi alizoea kuimba kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua. Tena alikuwa na tundu katika mdomo wa juu, naye alilifunika kwa upindo wa leso kila alipozungumza na wageni.

Nikanyamaza. Tundu katika mdomo wa juu ni alama ya ndonya, pambo la wanawake wa pande za mto Ruvuma na Ziwa Nyasa. Wanawake wa Lamu hawakuwa na desturi hiyo. Na nchi ile ya Ruvuma na Nyasa ndiko walikotoka wengi katika watu waliotekwa na kupelekwa Kilwa, wakauzwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Wafanya biashara wakawapitisha mateka kwa miguu kando ya pwani, hata mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku na njia hiyo pia. Hata baada ya hapo watoto wengi walivushwa kwa siri. Hapa Mombasa hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria mwaka 1907.

Nilimtazama nyanya, naye akanitazama. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi nimejibu ulichoniuliza. Usichoniuliza, hukuniuliza." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Nilipomweleza mjomba wangu, alikasirika. Alisema ya kuwa katika mji huu mtu hupimwa kwa asili yake, na kwamba nikiandika habari hizo, mabinti wa nyumba yetu watakosa wachumba. Usimcheke, msomaji. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alisema aliyoyaona. Basi nikafuta niliyoyaandika, nikarudisha maneno ya Lamu, na kazi yangu ikapata alama nzuri. Alama hizo sijazifurahia hata leo.

Haukupita mwaka, nyumba yetu ikaingia katika maneno. Walikuja watu waliosema kuwa sisi tulikuwa wageni tu katika nyumba ile, kwamba tulikaribishwa na wazee wao, na sasa ukarimu umetosha. Sisi hatukuwa na hati ya kununua. Tulikuwa na mazoea ya miaka mingi tu, na mazoea si hoja mbele ya kadhi. Hapo ndipo nyanya alipomwita mjomba, akamwambia mbele yetu sote: "Toa ile karatasi. Nyumba hii haikupewa mgeni kutoka Lamu."

Mjomba akainama. Kisha akafungua kasha, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa Kiarabu kwa wino uliofifia. Tuliipeleka kwa mwalimu mmoja wa chuoni, mzee ajuaye hati za zamani, naye akatusomea. Ilikuwa ni wakfu. Mwenye nyumba, zamani hizo, aliifanya nyumba ile kuwa makao ya watumwa aliowaacha huru, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, muda wote watakapokuwapo. Na jina la bibi yetu lilikuwamo.

Fikiri jambo hilo, ewe kijana. Neno lile tulilokuwa tukilificha kwa haya ndilo lililokuwa haki yetu. Laiti mjomba angaliichoma karatasi ile, kama alivyokiri baadaye ya kuwa alitaka kufanya, tungalitoka katika nyumba ile na heshima yetu ya kubuni, tusijue pa kulala. Karatasi ilipoonyeshwa kwa wazee wa pande zote mbili, maneno yakaisha.

Walakini nisieleweke vibaya. Wakfu ule haufuti dhuluma iliyotangulia. Mtoto wa kike alinyakuliwa kwa mamaye, akapelekwa mbali, akapewa jina jipya na kazi za watu wengine. Nyumba moja haiwezi kuwa fidia ya hayo. Wala aibu haikuwa yake yeye aliyetekwa. Sisi tulimhukumu mara ya pili tulipomfanya awe mtu mwingine.

Wala yeye hakuwa peke yake. Ng'ambo ya bandari ile ya kale, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni hata leo. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa, aliandika habari zao katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka 1934. Yeye hakuona haya, na kwa sababu hiyo vizazi vimesoma.

Sasa nakupa wewe kazi ile niliyopewa mimi, pamoja na shauri. Mwanzie mzee kuliko wote. Usimwulize kwanza kabila wala asili, kwa kuwa hapo kila mtu huvaa nguo yake ya sikukuu. Mwulize walikula nini, waliimba nini, walifanya kazi gani. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku aliyoyasema. Kisha yalinganishe na vitu visivyojua kupendelea: jina la njia, hati ya kiwanja, jiwe la kaburi, alama ya mwilini. Wala usidai zaidi ya ushahidi ulio nao. Tundu la ndonya liliniambia upande wa nchi. Halikuniambia kijiji, nami sikukibuni. Na utakapogundua jambo linalomhusu aliye hai, mtake ruhusa kabla ya kulitangaza. Mimi nimeandika haya kwa idhini ya mjomba, naye aliniomba jina la bibi libaki nyumbani.

Nyanya sasa amekwisha fariki. Siku za mwisho wake nilimwuliza kama aikumbuka ile nyimbo ya kukunia nazi. Aliikumbuka mistari miwili. Nimeiandika kwa herufi zetu kama nilivyoisikia, ingawa sijui maana yake, na kila nikutanapo na mtu kutoka pande za Nyasa humsomea.