Bugufi na Mwami Mtoto

Bugufi, eneo la Ngara linalopakana na Burundi, zamani lilimtii Mwami, yaani mfalme, wa Burundi. Mwami Mutaga IV alipofariki mwaka 1915, kiti kilirithiwa na mwanawe Mwambutsa, mtoto wa miaka mitatu hivi. Wakaimu wake, malkia Ririkumutima, mjane wa Mwezi Gisabo, Mwami aliyemtangulia Mutaga, na watoto wa kiume wa Gisabo, Ntarugera na Nduwumwe, waligombea madaraka wao kwa wao. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliwatimua Wajerumani waliokuwa wakitawala. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakagawana ardhi, Bugufi ikaangukia Tanganyika.

Je, wakaimu ndio walioipoteza? La, mpaka ulichorwa Ulaya, na Mwami mtu mzima asingeulizwa pia. Udhaifu wao ulidhihirika baadaye, katika kuidai Bugufi irudi. Gisaka, eneo la Rwanda, nayo ilikatwa vivyo hivyo, lakini Mwami Musinga alikuwa mtu mzima na askofu Mkatoliki Classe alimpigania. Mwaka 1923 ikakubaliwa irudi. Atasema mtu kuwa Waingereza waliiachia kwa sababu tu hawakuihitaji tena kwa reli waliyokuwa wamepanga kuijenga. Ni kweli kwa kiasi, ila bila kelele za Rwanda nani angewakumbusha? Bugufi haikuwa na msemaji wa namna hiyo. Mwambutsa alipoidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1948, alikuwa amechelewa mno. Bugufi imebaki Tanzania.