Jengo la Umma ni Amana



Ukishuka basi la Garissa pale Nairobi, mnara wa KICC lazima utauona. Ujenzi ulianza 1967 ukakamilika 1973. Lakini mwaka 1989 jengo hilo la umma likaingia mikononi mwa chama cha KANU! Likakaa huko mpaka Februari 2003, serikali ya NARC ilipolirudisha. Mwaka uliofuata, ripoti ya Tume ya Ndung'u ikaonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa ovyo nchi nzima.

Tukadhani yameisha. Wapi! Novemba 2023 KICC ikatajwa kwenye orodha ya mashirika 11 ya kuuzwa. Kesi ikapelekwa kortini, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikazuia, kwa kuwa jengo hilo ni turathi ya taifa inayolindwa na sheria.

Sisi tuliopita madrasa tunajua hukumu ya waqfu: hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Jengo la serikali si waqfu, lakini nalo ni amana. Wenyewe ni wengi, na wengine bado hawajazaliwa.

KICC iko katikati ya jiji, kila mtu anaiona. Je, ofisi kuukuu na viwanja vya shule huku kwetu Garissa, Wajir na Mandera? Nani anajua hati ziko wapi? Basi Ramadhan hii, baada ya tarawehe, kaa na wazee uwaulize lipi ni la umma, kisha uandike. Kisichoandikwa ni rahisi kuporwa.

Wabillahi tawfiq.