Tetemeko la Nchi la Nepal, Mwaka 1934

Leo twataka kuwasimulia habari za tetemeko kubwa lililoipata Nepal, nchi ya milima ya Himalaya iliyo kaskazini ya Bara Hindi.

Tarehe 15 Januari 1934, baada ya saa nane mchana, nchi ilitikisika kwa nguvu nyingi mno. Katika bonde la Kathmandu nyumba za matofali yaliyoshikwa kwa udongo zilibomoka, mahekalu ya kale yakaanguka, na mnara mrefu uitwao Dharahara ukavunjika. Upande wa kusini, katika nchi tambarare ya Bihar, ardhi ilipasuka ikatoa maji na mchanga hata mashamba yakafunikwa, na mji wa Munger ukawa magofu. Waliokufa Nepal walizidi 8,500, na Bihar walizidi 7,000. Lau lingalikuja usiku, watu wamelala, msiba ungalikuwa mkubwa zaidi.

Sababu yake nini? Mahatma Gandhi alisema ni adhabu ya dhambi ya kuwatenga watu wa tabaka la chini. Mshairi Rabindranath Tagore, ingawa alimheshimu sana, alimjibu kwamba mambo ya ardhi yana sababu zake katika ardhi yenyewe. Nasi twajua leo ya kuwa nchi ya Bara Hindi hujisukuma chini ya milima ile kadiri ya sentimeta 2 kila mwaka. Miamba hukamatana, nguvu hulimbikizana miaka mingi, kisha siku moja huachana ghafula.

Mnara ule ulijengwa tena. Tarehe 25 Aprili 2015, karibu na saa sita mchana, nchi ikatetemeka, mnara ukaanguka mara ya pili, na watu wengi waliokuwa ndani wakafa. Katika Nepal yote walikufa karibu watu 9,000. Lakini siku ile ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa. Maelfu ya madarasa yakaanguka hayana watoto.

Basi mara mbili wengi walisalimika kwa sababu ya saa, wala si kwa uimara wa kuta. Saa ya tetemeko hatuichagui. Bali ukuta twaujenga wenyewe. Ukuta uliofungwa vema kwa mbao, au kwa chuma na saruji, huwapa watu nafasi ya kutoka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ukijengwa upya vibaya, huwarudia wajukuu.