Kiini cha Kushonewa

Neno kujitegemea nililisikia nikiwa kijana wa shule, mwaka 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana mjini kwetu na kupitisha Azimio la Arusha. Tulilima bustani ya shule, tukafuga kuku, tukadhani tumelielewa. Mimi nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, mbele ya kompyuta kuukuu.

Ilikuwa mwaka 1999. Chuo cha ualimu nilichokiongoza, chini ya Mlima Meru, kilipewa msaada wa kompyuta sita zilizokwisha kutumika, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 8. Nchi yetu ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ingawa marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa, wengi wetu hatukuwa tumegusa hata moja. Mkufunzi wetu kijana wa hisabati akaziwekea Linux.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliandika kiini cha mfumo endeshi, yaani programu ya ndani kabisa inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine vyote. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuisoma matini yake ya asili, kuibadili na kuigawa. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Leo imepita milioni 30.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutumia kiini kilicholetwa tayari. Hicho kilifanana na sare ya shule inayoshonwa kubwa ili imwenee kila mtoto: kilibeba mambo ya mashine nyingi tusizokuwa nazo, na kwenye megabaiti 8 uzito huo ulionekana. Ya pili ni kupima na kushona chako, kazi ambayo mafundi huiita kukompaili. Kompyuta humwuliza fundi mamia ya maswali: wataka kutumia diski ya aina hii? Kadi ya sauti je? Naye hujibu ndiyo, hapana, au kiwe kipande cha pembeni kitakachoitwa kikihitajika. Kisha mashine huigeuza matini ile kuwa lugha yake yenyewe.

Kijana wetu aliiacha mashine ikifanya kazi usiku kucha. Mara ya kwanza umeme ulikatika. Mara ya pili kiini kipya kikagoma: alikuwa amejibu hapana penye diski yetu wenyewe! Nilitaka kukasirika, lakini yeye alicheka, akawasha tena kwa kiini cha zamani alichokihifadhi kando. Jaribio la tatu likafaulu, mashine zikawa nyepesi, nami nikajivuna mbele ya wageni.

Baada ya miaka miwili akahamishwa. Tukanunua kadi za mtandao. Kiini chetu hakikuzitambua. Hakuna aliyejua maswali yale wala majibu yake, maana hayakuandikwa popote. Kabla ya mwaka kwisha, kompyuta zote sita zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Kosa halikuwa lake. Mimi, mwalimu wa walimu, sikumwambia hata mara moja: wafundishe wenzako.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Nilifurahi, na wivu ukanishika. Hawakuandika kila kitu upya. Walichukua kilichopo, wakakishona pale palipotubana sisi, yaani kwenye lugha, tena wakiwa kundi.

Leo kiini cha tayari kinawatosha watu wengi, kwa kuwa sehemu zake nyingi huitwa pale tu zinapohitajika. Simu ya Android ya muuza ndizi wa Tengeru ina kiini hichohicho cha Linux, na haimpasi kukishona mwenyewe. Sioni aibu kutumia cha tayari. Ninaloomba ni kwamba awepo miongoni mwetu ajuaye kushona, na awe amekwisha kumfundisha mwingine. Ujuzi wa mtu mmoja haukutufanya tujitegemee. Ulitubadilishia tu mtu wa kumtegemea.