Solo

Mgeni akiomba wimbo “Hotel California” katika hoteli ya ufuoni Diani, Kenya, macho ya bendi humgeukia mpiga solo.

Kwa Kiitaliano, solo ni “peke yake”. Kimataifa, ni kipande anachopiga mtu mmoja. Wanamuziki wa Afrika Mashariki wamelifanya neno hilo jina la gitaa lenyewe: kuna solo, rizimu na besi. Ndiyo maana mtu “hupiga solo” wimbo mzima, hata mwimbaji anapoendelea kuimba.

Katika rekodi ya “Hotel California” ya bendi ya Eagles ya mwaka 1976, solo ya mwisho si ya mtu mmoja. Don Felder, mwenye gitaa la Gibson Les Paul, na Joe Walsh, mwenye Fender Telecaster, walipokezana, kisha wakaungana.

Bendi yenye gitaa moja la solo ifanyeje?

Kwanza hutafutwa mlio: amplifaya hupandishwa hadi sauti ianze kukwaruza, mwangwi huongezwa kidogo, kidole huvuta waya mpaka noti ipande. Sauti ya gitaa la pili yaweza kuachiwa kinanda, neno ambalo zamani katika mwambao wa Afrika Mashariki lilitaja ala ya nyuzi.